Mwaka na miezi minane, meno mawili tu, homa haziishi. Mama mkwe anataka akang'olewe "meno ya plastiki"

Mama Kijana
Habari za jioni wakuu. Mwanangu wa kiume ana meno mawili tu ya juu, tena yamechongoka kama misumari. Fizi za chini tupu. Homa ndiyo usiseme: mchana anachemka, usiku anapoa. Malaria nimempima mpaka nimechoka, hana. Antibaiotiki keshakunywa chupa sijui ngapi. Sasa mama mkwe anasema ni meno ya plastiki, kuna bibi huku Mbagala anayang'oa kwa elfu kumi. Mume ameshaanza kulainika. Safari ni Jumamosi. Naombeni ushauri, matusi wekeni kando.

Shombo
Wa kwangu alitolewa, akapona. Hospitali hawayajui haya. Mpeleke.

Kinywa Safi
Shombo, taratibu. Hilo linaloitwa jino la plastiki ni kichipukizi cha jino la utotoni, aghalabu chonge, kikiwa bado laini ndani ya fizi. Wanakichokonoa kwa spoki ya baiskeli. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata pepopunda, na hata chonge la ukubwani likaharibika. Homa ina sababu yake nyingine. Ikiisha yenyewe, sifa anachukua bibi.

Mleta uzi, nywele zake zikoje? Umewahi kumwona akitoka jasho? Na kwenu wewe, kuna mwenye meno pungufu?

Mama Kijana
Umenishtua. Nywele chache, nyepesi, nyusi karibu hana. Watu hudhani nimemnyoa. Jasho kusema kweli sijawahi kuliona, hata tukiwa chini ya bati saa nane mchana. Tulikaa mwezi mzima Lushoto kwa dada, kwenye baridi, hakuchemka hata siku moja, nikasema ni maji ya kule. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa kibogoyo tangu utotoni. Kijijini walisema karogwa. Na mimi jino moja la mbele pembeni halikuota, mwenzake dogo kama punje ya mchele.

Kinywa Safi
Siwezi kupima mtu kwa simu, ila maelezo yako yananipeleka kwenye displasia ya ektodemu, ile ya kukosa jasho. Nywele, meno, kucha na tezi za jasho huchipuka kutoka tabaka moja la kiinitete. Hitilafu ikiingia pale, vyote huguswa. Aina inayoonekana zaidi hupita kwenye kromosomu X: mama anabeba, pengine anakosa jino moja au mawili tu, mzigo unamwangukia mtoto wa kiume. Kila mtoto wa kiume wa mama huyo, ni nusu kwa nusu. Mjomba wako hakurogwa.

Meno yanaweza kusubiri, joto halisubiri. Mwili usiotoa jasho hauna pa kulitolea, na mtoto anaweza kuingia degedege au hata kufa. Mlowanishie fulana, maji ya kunywa mara kwa mara, asibebwe mgongoni na kanga mbili jua la mchana. Ila umempoza na bado anachemka, kimbia hospitali. Malaria nayo haimwogopi.

Muone daktari wa meno hospitali ya mkoa, akuandikie rufaa ya Muhimbili. Eksirei ndiyo itakayoonyesha kama kuna vichipukizi ndani ya taya. Ukiingia, anza na habari ya mjomba.

Bwiru
Mimi ninayo, nina miaka 31. Meno bandia nimeanza kuvaa darasa la kwanza, yanabadilishwa kadiri taya linavyokua. Meno ya kupandikiza kwenye mfupa yalisubiri nimalize kukua. Shuleni waliniita Popo. Mwalimu mmoja tu ndiye aliyeniruhusu kwenda bombani kujimwagia maji bila kuomba, namkumbuka mpaka leo. Sasa nafanya kazi Njombe, baridi inayowaliza wenzangu mimi ndiyo raha yangu.

Mama Kijana
Mume kasoma uzi wote, Jumamosi imefutwa. Mama mkwe kanuna, yatamwisha 😅 Lakini kuna jingine. Mdogo wangu wa kike ana mimba ya miezi mitano, naye ana jino dogo kama langu. Nimwambie sasa au nisubiri ajifungue?

Bwiru
Mwambie. Mama yangu angejua mapema asingekuwa ananifunika blanketi kila nilipochemka.