Naenda misheni Nkhotakota mwezi mzima. Waliowahi kwenda, nini kilibaki moyoni?

Binti_Mtongwe
Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Kanisa letu hapa Likoni limeunda kikosi cha watu saba. Julai twaondoka kwenda kuhudumu mwezi mmoja Malawi, upande wa ziwani, Nkhotakota. Mimi ndiye mdogo kuliko wote na sijavuka mpaka wowote, hata huo wa Lunga Lunga. Nimepangiwa kazi na wasichana wa shule. Mama ana hofu, nami usiku usingizi hauji. Orodha ya vitu vya kubeba tumeshapewa. Ninachotaka ni mtu aliyekwenda anieleze: ule mwezi ulipokwisha, alirudi na nini?

Fundi_wa_Kengeleni
Marahaba mwanangu. Nimeliona jina la Nkhotakota nikaacha kushona. Nilikuwa huko Julai 2016 na hakuna wiki ipitayo nisipakumbuke.

Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko barazani hapa Kisauni. Tulikwenda sita, kazi yetu kufundisha wasichana kushona taulo za hedhi za kufuliwa, maana wengine walikuwa wakikosa shule kila mwezi kwa sababu hiyo. Tulipanda basi: Horohoro, Dar, Mbeya, tukavukia Kasumulu, tukateremka na ziwa. Siku nne. Miguu ilivimba hata viatu vikanikataa. Ukiona mashamba ya miwa ya Dwangwa, vumilia, umekaribia.

Jioni ile ya kwanza nilipelekwa kwa mwenyeji wangu, mama mjane wa makamo. Nikampa doti ya leso niliyoinunua Biashara Street. Akapiga goti, akakunja viganja kama achotaye maji, akapiga makofi matatu, polepole. Akasema, "Zikomo," yaani asante.

Mwanangu, nilisimama pale nisijue la kusema. Bibi yangu aliyenilea, mzaa baba, ukimpa kitu, hata kikombe cha chai, alipiga makofi vile vile: viganja vimekunjwa, mara tatu, kimya kimya. Wajukuu tulidhani ni tabia yake ya uzee.

Sisi ni watu wa Freretown, hapa hapa Mombasa. Wamishonari walipoweka yale makao mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, wengi walioletwa walikuwa Wanyasa, yaani watu wa upande wa ziwa hilo la Malawi, na Wayao na Wamakua. Babu wa babu yangu alifika mtoto. Jina la kijiji chake lilipotea njiani, sisi tukaachiwa neno moja tu, kwamba alikuwa Mnyasa. Na Nkhotakota ndipo yule Jumbe, mfanyabiashara kutoka pwani hii hii yetu, aliposhika makao miaka ya 1840. Watu walikusanywa pale, wakavushwa ziwa kwa majahazi, wakatembezwa mpaka Kilwa. Kwa hiyo mimi, msema Kiswahili, nilikuja kwenye mji ambao wasema Kiswahili waliufanyia hayo, na nikapokewa kwa magoti. Siku ya tatu nilimweleza mwenyeji wangu habari ya babu, mwalimu mmoja akitufasiria. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mboga, kisha akasema, "Mwana wathu." Hilo halikuhitaji mfasiri. Hakuniita tena mgeni.

Kuhusu kazi, nikuambie kosa langu. Nilifika na karatasi za vipimo, nikaanza kufundisha asubuhi ya kwanza bila kuuliza mtu. Wasichana walinyamaza kwa adabu. Kumbe pale sokoni mafundi wamejaa barazani, wanaume kwa cherehani za miguu, na mzee mmoja mkono wake ulinishinda. Kushona hakukuwa shida yao. Kilichokosekana ni kitambaa cha flaneli, sindano, na mahali pa faragha pa kuanika zile taulo, maana msichana akiona haya ataanika gizani chini ya kitanda, nazo zisipopata jua hazifai. Wiki ya pili nilimwomba yule mzee afundishe yeye, mimi nikakata vitambaa. Ukanda wa cherehani ulipokatika, aliutengeneza kwa ngozi ya ng'ombe, na ulidumu hadi tunaondoka. Akina mama wakajenga ua wa matete nyuma ya shule, wenye jua la kutosha na mlango wa kufunga. Ule ua naukumbuka kuliko taulo zenyewe.

Wiki ya tatu malaria iliniangusha. Mwenyeji wangu alilala sakafuni kando yangu siku mbili, akininywesha uji wanaouita phala. Nilikwenda kuhudumu, nikahudumiwa mimi.

Nenda mwanangu. Mwambie mama yako atalala hivyo hivyo sakafuni mama mwingine kwa ajili yako, ikibidi.

Mrabai_Asili
Mama, umenigusa. Mimi niliwahi kukaa Lilongwe kwa kazi, si misheni. Siku ya kwanza kanisani nilisikia wakiomba "Mulungu", nikageuka nikidhani kuna mtu wa kwetu. Sisi Mijikenda ndivyo tumwitavyo Mungu. Na fedha yao, kwacha, maana yake ni kumekucha. Dada, hodi kwao ni "odi", nyumba ni "nyumba", mbuzi ni "mbuzi". Hutapotea.

Dereva_Changamwe
Nyongeza ya njiani tu. Cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi, usikitie kwenye begi la chini ya basi. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Na ziwani usiingie kuoga bila kuuliza wenyeji, kichocho kipo.

Fundi_wa_Kengeleni
Kweli kabisa hiyo ya saa. Niliamka saa kumi kila siku nikidhani ni kumi na moja, nikaenda ufukweni gizani. Wavuvi wanarudi na taa zao, usipa wanaanikwa juu ya chanja kama dagaa, na ule upepo wa Julai unapiga vile vile kama kusi letu, wao wauita mwera. Niliyaonja maji kwa kidole, maana macho yalikuwa yameshaniambia ni bahari. Hayakuwa na chumvi.

Binti_Mtongwe
Asante mama, nimemsomea mama yangu kwa sauti. Amelia kidogo, kisha akauliza leso ziwe ngapi. Na je, siku ya kuondoka uliagana nao vipi? Hiyo ndiyo naiogopa zaidi.

Fundi_wa_Kengeleni
Doti tatu zatosha. Zifue kwanza, zilainike.

Siku ya kuondoka basi lilipita alfajiri. Anayekwenda husema "tsalani bwino", anayebaki hujibu "pitani bwino". Nilikuwa nimejifunza usiku kucha, ulimi ukakwama. Mwenyeji wangu alikuwa amejifunga leso yangu, mimi nimejifunga chitenje chake. Nikamwachia yule msichana mdogo aliyeshona vizuri kuliko wote mkasi wangu mkubwa, ule wa chuma nilioanza nao kazi. Kisha nikakunja viganja, nikapiga makofi matatu kama bibi.

Ukifika, ulizia ua wa matete nyuma ya shule. Kama umeanguka, nitumie ujumbe, tutachanga hapa Kisauni.