Mjadala: Je, mkazi wa bondeni aruhusiwe kuinua kiwanja chake kwa kifusi?

Wanajamvi, naleta hoja inayowagusa wanaoishi kando ya Mto Msimbazi na vijito vyake jijini Dar es Salaam. Tangu mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuifanya serikali iwagawie waathirika viwanja Mabwepande, wapo wanaosema bonde lihamwe lote na wapo wanaosema kila mtu aachwe ajilinde kwa uwezo wake. Mimi nauliza: ajilinde kwa namna gani?

Njia iliyozoeleka ni kifusi. Mtu ananunua malori kadhaa, anainua kiwanja, anazungusha ukuta, na masika yakifika analala usingizi. Maji yaliyokuwa yakituama kwake yamehamia kwa jirani asiye na fedha ya lori hata moja. Nyumba tuliyopanga zamani ilikuwa na ngazi tatu za kupandia barazani. Baada ya wenzetu kujaza mara mbili, tukawa tunashuka ngazi moja kuingia ndani, na mvua ya saa moja ilitosha kulowesha magodoro.

Ukuta nao una hatari yake. Maji yenye kina cha mita moja, yakiwa nje ilhali ndani ni pakavu, husukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 500, na ukuta wa tofali za inchi sita usio na nondo haukujengwa kuhimili msukumo wa ubavuni. Ndiyo maana Uingereza wataalamu wamezoea kushauri kwamba maji yakizidi takribani sentimita 60 yasizuiwe tena mlangoni, bali yaachwe yaingie ili msukumo wa ndani ulingane na wa nje. Nyumba ya namna hiyo huandaliwa mapema: sakafu ya saruji au vigae, soketi na meinswichi juu ukutani, vitu vya thamani rafuni. Hata hivyo, aliyeziba mlango barabara bado anaweza kukuta maji yanapanda kwa bomba la choo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo nawazungumzia walio nje ya mpaka huo ambao maji huwafikia vilevile. Kwao, napendekeza manispaa ikatae kifusi, lakini iruhusu nyumba iliyoinuliwa kwa nguzo, maji yapite chini yake.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mtoa mada, nguzo za zege zinataka nondo na fundi anayejua kazi, na fedha yake hutolewa kwa mkupuo. Kifusi mtu hununua lori moja leo na jingine baada ya miezi mitatu. Unamnyang'anya maskini njia pekee anayoimudu. Isitoshe, nyumba ya nguzo haitamaliza miaka miwili kabla mwenyewe hajaziba chini na kupangisha vyumba. Halafu karakana ya mabasi ya mwendokasi imejengwa pale pale Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, ikafurika na mabasi yakaharibika. Kwa nini marufuku ianzie kwa mwenye vyumba viwili?

Mtoa mada:
Hoja ya kuziba chini imenikamata, nakiri. Sikuifikiria, na sioni mkaguzi atakayepita kila mwaka kuchungulia uvungu wa nyumba za watu. Ya karakana nayo ni kweli tupu, lakini kosa la mkubwa halimkaushii godoro jirani yako. Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unalipa fidia na kuondoa nyumba za bonde la chini. Wa vijitoni watabaki na malori yao. Basi nalegeza: kifusi kiruhusiwe pale tu ambapo mtaa mzima umekubaliana kimo kimoja, na mfereji umechimbwa kabla lori la kwanza halijamwaga. Anayejaza peke yake azuiwe. Je, serikali ya mtaa inaweza kusimamia makubaliano hayo, ikiwa mjumbe mwenyewe ndiye aliyetangulia kujaza?