Kutembeza mbwa kwa malipo: apu, kuajiriwa au wateja wako mwenyewe? Naomba ulinganisho

NyayoNne
Wakuu habarini. Nimekuwa nikitembeza mbwa wa majirani karibu mwaka sasa, kwa asante na hela kidogo kidogo, na nimegundua hii kazi naipenda kweli na nataka iwe ndo riziki yangu. Sasa nina njia tatu. Kuna apu wamenikubali baada ya kunihoji na kuhakiki vitambulisho. Kuna kampuni ndogo wanataka waniajiri, natembeza kwa makundi, wananilipa kwa siku. Au nisimame mwenyewe nitafute wateja wangu. Kampuni wanataka jibu kabla ya ijumaa. Kwa wenye uzoefu ipi inalipa zaidi?

mzee_wa_mluzi
Inalipa zaidi kwa nani mkuu? Hujasema unaenda kwa mguu au una usafiri, una masaa mangapi kwa siku, mbwa wangapi umewahi kushika kwa mpigo, bima unayo au huna, na huo mkataba wa kampuni unasemaje. Tukikujibu hivi hivi tutakuwa tunakubahatishia. Leta hayo kwanza.

TausiB
Mi nilianza na apu na siwezi kuisema vibaya, ilinipa wateja wa kwanza nikiwa sijulikani na mtu. Mwenye mbwa hakujui, anakupa ufunguo wa nyumba yake na mnyama anayempenda kama mtoto, unadhani atakuamini kwa karatasi uliyobandika ukutani? Anataka asome watu wengine wamesema nini juu yako. Na hela inaingia yenyewe, hakuna kufukuzana na mtu mwisho wa mwezi.
Ila angalia makato. Apu ya Rover inajulikana kwa kukata 20% na ile ya Wag ilijulikana kwa 40%. Kwa hiyo 40% ukitembeza mbwa kumi, wanne umewatembezea wao. Jingine, ile dhamana wanayoitangaza ukiisoma vizuri utakuta sio bima kamili, ina mipaka mingi, isome yote mpaka herufi ndogo za chini.

KambaMbili
Wateja wako mwenyewe, hapo hata sifikirii mara mbili. Lakini sio wateja popote, wateja WA KARIBU. Watu wanaangalia bei ya raundi moja wanasahau njia. Chukua raundi 6 za dakika 30, hizo ni masaa 3 unayolipwa. Kati ya nyumba na nyumba dakika 20, mara tano, dakika 100. Kila nyumba una kama dakika 10 za kufungua, kumvisha hanesi (ile mikanda ya kifuani), kumpa maji, kumfuta miguu, kumtumia mwenyewe picha na ujumbe, dakika 60 tena. Jumla masaa 5 na dakika 40, umelipwa 3. Wateja hao hao wakiwa mtaa mmoja, dakika 5 toka mmoja kwenda mwingine, unamaliza kwa masaa 4 na dakika 25. Malipo ni yale yale, umerudi nyumbani saa moja na robo mapema na miguu bado ni yako. Apu haikupi huo mpangilio, leo kusini kesho kaskazini.

TausiB
@KambaMbili sio kweli, kwenye apu unaweka mwenyewe umbali unaokubali. Mi niliweka mdogo kabisa.

KambaMbili
Ukauweka mdogo ukapata wangapi kwa wiki?

TausiB
Mwanzo wawili. Baada ya miezi minne nikawa nakataa watu.

NyayoNne
Asanteni wakuu. Nina baiskeli. Muda ni asubuhi mpaka saa nane mchana kila siku isipokuwa jumapili. Mbwa wengi niliowahi kushika pamoja ni wawili, wa nyumba moja wanaojuana.

mzee_wa_mluzi
Bima? Mkataba? Na kampuni wanataka ushike wangapi?

mama_shujaa
Niongee kama mwenye mbwa maana humu wote ni watembezaji. Mimi mbwa wangu haendi kwenye kundi hata kwa bei ya bure. Ni mwoga, akiwa peke yake na mtu anayemjua anatembea vizuri, ukimweka na wenzie wanne anarudi anatetemeka. Na kwenye kundi anayechukuliwa wa kwanza anazunguka saa moja na nusu, wa mwisho nusu saa, wote tunalipishwa sawa. Nilipopata kijana anayekuja peke yake nilimlipa zaidi bila kuombwa, na nimempelekea wateja watatu. Kwahiyo usidhani raundi ya mbwa mmoja ndo hela ndogo.

Dafrao
Nimeona neno kundi na kampuni nikasema lazima niandike, samahani itakuwa ndefu.
Nilifanya kwenye kampuni ya hivi miezi saba. Siku ya kwanza walisema mwisho mbwa watatu, mwezi wa pili ikawa wanne, mwezi wa tano watano. Siku hiyo nilikuwa na watano, mmoja mgeni, mbwa wa kati mwenye kichwa chembamba, shingo pana kuliko kichwa. Nilipewa akiwa amevaa kola tu. Nikauliza hanesi yake iko wapi wakaniambia ameizoea kola hana shida. Tunatembea vizuri tu, wako upande wangu wa kushoto, mara lori likapita likapiga ule mlio wa kuachia breki za upepo, pshhh, karibu kabisa. Wale wanne walishtuka wakasimama. Yeye hakukimbia mbele, alirudi NYUMA, akashusha kichwa, akalaza masikio, na kola ikateleza juu ya masikio kama pete inavyotoka kwenye kidole chenye sabuni. Nikabaki nimeshika kamba yenye kola mwisho wake, bado ina joto la shingo yake na nywele zimeng'ang'ania kwenye buckle.
Sasa fanya nini? Una mbwa wanne mkononi. Ukikimbia nao anadhani ni mchezo au anafukuzwa, anaongeza mwendo. Ukiwaacha umepoteza watano badala ya mmoja. Nilichuchumaa, nikageuza bega, nikamwita kwa sauti ya chini na mkono chini. Alisimama akaniangalia, nakuapia alianza kurudi, hatua kama tatu, halafu mtu mwema mmoja akaja mbio kunisaidia kumkamata. Mbwa akavuka barabara magari yakipiga honi na akanipotea machoni.
Masaa matatu. Nilirudisha wanne, nikampigia mwenye mbwa mimi mwenyewe maana kampuni walitaka nisubiri kwanza "tuone". Kumbe mwenyewe alikuwa ameambiwa mbwa wote wanavaa hanesi na hawazidi watatu. Alipatikana chini ya gari lililoegeshwa, nyumba mbili kutoka kwao. Na mwisho wa mwezi kampuni wakanikata siku nane, wakanionyesha kwenye mkataba mstari nilioupita bila kuusoma, kwamba mnyama akipotea gharama ni za mfanyakazi.
Kwahiyo NyayoNne, hata sijui ipi inalipa zaidi, lakini kabla ya ijumaa uliza ni mbwa wangapi, na nani anabeba mzigo mmoja akipotea.

mama_shujaa
Pole sana dada. Nimesoma huku nimemshika wangu.

KambaMbili
Ndo maana ya jina langu. Mbwa mgeni kamba mbili, moja kwenye hanesi moja kwenye kola, au kipande kifupi kinachounganisha hanesi na kola. Na kabla ya kutoka ingiza vidole viwili kati ya kola na shingo, vikiingia vizuri sawa, ukiona kiganja kizima kinapita kola imelegea, usimtoe nje huyo. Kwa mbwa wa kichwa chembamba iko kola inayojibana kidogo akivuta, ina kikomo haimkabi, hiyo ndo yake.

Sauti_ya_Getini
Mimi natumia zile kamba za kujikunja zenyewe ndani ya kishikio, mbwa anapata uhuru wa kunusa, na kunusa kwa mbwa ndo matembezi yenyewe.

KambaMbili
Kwa mbwa wako uwanjani sawa, kwa kazi hapana kabisa! Uzi ule mwembamba ukizunguka kidole na mbwa wa kilo 35 akiruka unakata nyama. Na kishikio kikikuponyoka kinamfuata mbwa kinagonga gonga chini, anadhani anafukuzwa na kitu, anakimbia mpaka achoke. Kunusa mpe kwa kamba ndefu ya kawaida ya mita tano.

Sauti_ya_Getini
Miaka sita haijaniponyoka.

KambaMbili
Miaka sita na mbwa wako mmoja. Mtu wa kazi anashika mbwa ishirini tofauti kwa wiki.

tabibu_wa_mkia
Ningewaomba tusigombane kwa kamba. Nafanya kazi kliniki ya wanyama, naongezea mambo ambayo nayaona yanakuja kwetu kutoka kwa watembezaji.
Joto. Hewa ikiwa nyuzi 25 tu, lami iliyo juani inaweza kupita 50. Weka mgongo wa mkono juu ya lami sekunde saba, ukishindwa na yeye hawezi. Mbwa wa pua fupi kama pagi na buldogi wanapoa kwa shida sana kwa sababu mbwa anapoa kwa kuhema na wao njia ya hewa ni nyembamba, hao watoe alfajiri. NyayoNne umesema masaa yako yanafika saa nane mchana, kwahiyo yale ya saa sita mpaka saa nane kwenye msimu wa joto usiyahesabu kama kipato cha uhakika.
Kuumwa. Mbwa wa watu ukiwashika kila siku iko siku utaumwa au utachanwa. Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu nenda hospitali hata kama mbwa ana chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea, na mbwa ndo chanzo cha karibu visa vyote kwa binadamu. Kabla ya kumpokea mteja yeyote omba uone kadi ya chanjo kwa macho yako.

TausiB
Hilo la kadi apu yangu haikuwahi kunilazimisha. Niliomba mwenyewe na mmoja akanikasirikia, nikamwacha.

mzee_wa_mluzi
Bado sijaona jibu la bima. Bima ya kawaida ya dhima inaweza kulipa mbwa akimuuma mpita njia lakini isilipe kitu mbwa mwenyewe akiumia au kupotea akiwa mikononi mwako, mpaka iandikwe kwamba mnyama aliye chini ya uangalizi wako anahusika. Uliza hilo neno kwa neno. Na uliza sheria ya unapofanyia kazi, kuna miji ina idadi, San Francisco kwa mfano tangu 2013 anayetembeza mbwa wanne na zaidi kwa malipo lazima awe na kibali na hawezi kuzidi wanane.

NyayoNne
Samahanini nilikuwa nje. Bima sina. Kampuni walisema "usijali tunayo" lakini sijaonyeshwa. Mkataba ninao hapa nimeusoma upya baada ya kumsoma Dafrao. Mbwa ni "mpaka sita". Na kuna sehemu inasema nikiondoka siruhusiwi kumhudumia mteja wao yeyote kwa miezi 12. La mnyama kupotea sijaliona lakini kuna ukurasa unasema "kanuni za kazi zitatolewa baadaye".

Dafrao
Sita!! Na wewe umeshika wawili wanaojuana. Zitakazotolewa baadaye ndo hizo hizo kaka. Omba uzione kabla ya kusaini.

TausiB
Ingia apu miezi minne mitano, wakati huo huo jirani zako waliokuzoea waombe walipe bei kamili. Hao tayari ni wateja.

KambaMbili
Hapo kwa majirani nakubaliana na Tausi. Anza na mtaa wako.

NyayoNne
Naogopa kuwaambia majirani bei kamili ghafla baada ya mwaka mzima wa asante. Wengine ni wazee, mmoja mbwa ndo aliyebaki naye nyumbani.

mama_shujaa
Huyo mzee mwache kwenye bei yake. Wengine waambie, wanajua wanachopata.

Sauti_ya_Getini
Dafrao nimebaki nawaza, huyo mbwa alipatikana mzima?

Dafrao
Mzima, nyayo mbili za mbele zimechubuka tu na alikunywa maji bakuli mbili mfululizo. Nilikaa naye chini hapo barabarani mpaka akalala kwenye mguu wangu. Baada ya kuacha kazi kama wiki tatu mwenyewe alinipigia, akasema anataka mimi na sio kampuni. Namtembeza mpaka leo, peke yake, hanesi na kola.

mzee_wa_mluzi
Na mkataba wako ulikuwa na kile kifungu cha miezi 12?

Dafrao
Ulikuwa nacho cha miezi sita. Sikumfuata mimi, yeye ndo alinitafuta.

mzee_wa_mluzi
Kifungu hakiulizi nani kamtafuta nani dada. Wangekushtaki ungejibu nini?

mama_shujaa
Mbwa ni wa mwenyewe, sio wa kampuni. Mimi nikitaka mtu fulani amtembeze mbwa wangu, kampuni inanizuia kwa lipi?

mzee_wa_mluzi
Wewe haikuzuii, wewe hukusaini. Yeye alisaini.

NyayoNne
Hapa ndo mmenigusa maana wateja wawili wa kampuni wanakaa mtaa wangu na mbwa wao nawajua. Nikisaini halafu nikaondoka siwezi kuwagusa mwaka mzima, nisiposaini naweza kwenda kuwabishia hodi kesho?

TausiB
Unaweza.

mzee_wa_mluzi
Kama hujasaini chochote. Ile fomu ya usaili ulijaza? Isome kwanza, utuwekee hapa.