Msaada: Java inakubali jina lenye tarakimu katikati

mwanagenzi
Salaam wakuu. Ninajifunza Java, na nimeandika programu ndogo inayopokea jina kamili la mtumiaji kwa Scanner (zana ya Java ya kusoma anachoandika mtumiaji) na kulikagua kabla ya kulihifadhi. Jina linatakiwa liwe na herufi na nafasi tu. Ajabu ni kwamba "3Asha" linakataliwa ipasavyo, ilhali "As3ha" linapita bila kipingamizi. Kompaila, yaani programu inayotafsiri Java kabla ya kuiendesha, hailalamiki hata kidogo, kwa hiyo sijui nianzie wapi.

```java
static boolean jinaSahihi(String jina) {
    for (int i = 0; i < jina.length(); i++) {
        char c = jina.charAt(i);
        if (c >= 'A' && c <= 'z') {
            return true;
        } else {
            return false;
        }
    }
    return false;
}
```

Naomba mnieleze sababu, si kunipa msimbo uliokwisha kurekebishwa pekee.

fundi_lupu
Umefanya vyema kuweka mifano yote miwili, kwa maana ndiyo inayofichua tatizo. Fuatilia "As3ha" kwa kalamu na karatasi: i ni 0, c ni 'A', sharti linatimia, na papo hapo return inakutoa katika methodi nzima (jinaSahihi yote), si katika lupu tu (ile for inayopitia alama moja moja). Ile 3 haifikiwi kamwe.

Alama moja mbaya inatosha kulikataa jina, lakini alama moja nzuri haitoshi kulikubali. Kwa hiyo ndani ya lupu ibaki return false peke yake, na return true ihamie chini, lupu ikishakwisha. Sharti nalo ligeuze:

```java
if (c < 'A' || c > 'z') return false;
```

Angalia kwamba && imekuwa ||, yaani "na" imekuwa "au". Ukiiacha && utakuwa unatafuta alama iliyo ndogo kuliko 'A' na wakati huohuo kubwa kuliko 'z', nayo haipo, hivyo kila jina litapita.

mwanagenzi
Ahsante sana mkuu, nimeelewa, na "As3ha" sasa linakataliwa. Hata hivyo "Asha_" bado linapita, "Asha Juma" linakataliwa, na nikibonyeza Enter bila kuandika chochote programu inakubali.

bi_msimbo
Java huzilinganisha char, yaani alama moja moja, kwa namba zake. 'Z' ni 90 na 'a' ni 97. Kati yake, 91 hadi 96, yamo mabano ya mraba, mkwaju wa nyuma, ^, _ na `, ambazo zote sharti lako linazihesabu kuwa herufi. Nafasi ni 32, chini ya 'A' ambayo ni 65, ndiyo maana inakataliwa. Kuhusu Enter, urefu wa jina ni 0, lupu haizunguki hata mara moja, na programu inaangukia moja kwa moja kwenye return true. Awali ile return false ya mwisho ndiyo iliyokukinga.

Mstari wa kwanza hapa, unaokataa jina tupu au lenye nafasi tu, uweke kabla ya lupu, wa pili ndani yake, mahali pa sharti la sasa:

```java
if (jina.trim().isEmpty()) return false;
if (!Character.isLetter(c) && c != ' ') return false;
```

Character.isLetter hutambua pia herufi kama é, ambazo ukaguzi wa 'A' hadi 'z' ungezikataa. Ningekusihi uruhusu ritifaa vilevile, kwa kuongeza && c != '\'' katika sharti hilo la pili; si haki mtu aambiwe jina lake ni batili kwa sababu tu lina ng'.