Yogati ya pakiti isiyokaa friji ina bakteria hai? Na kwa nini mtindi wa nyumbani unagoma kuganda?

lita_tano
Habari zenu wakuu. Naomba ufafanuzi kwa wanaoyajua maziwa kwa undani. Nataka mtindi wenye bakteria hai kwa ajili ya tumbo, siyo uchachu peke yake.

Kwanza, yogati ya pakiti inayokaa rafuni bila friji, tarehe ya mwisho miezi sita mbele: bakteria wake wapo hai? Pili, nikichukua yogati ya friji iliyoandikwa "probiotiki" (bakteria hai wanaoongezwa kwa faida ya afya) nikaifanya mbegu ya kugandishia maziwa, mtindi wangu nao utakuwa na probiotiki? Tatu, kwa nini maziwa lita 5 kutoka kwa mchuuzi yuleyule, mbegu ileile, wiki hii yanaganda vizuri na wiki ijayo yanabaki maji hata baada ya saa 12? Nayachemsha hadi yafure, nayaacha yapoe, naweka vijiko vinne vya mbegu, nafunika blanketi.

fundi_kiwanda
Mkuu, la kwanza ni fupi. Yogati inayokaa miezi nje ya friji imepashwa joto baada ya kuganda ili bakteria wafe. Wangekuwa hai ingeendelea kuchacha mpaka ladha iharibike. Soma kibandiko: ukiona "imepashwa joto baada ya kuchachushwa" au "hifadhi mahali pakavu", hicho ni chakula chenye protini na kalsiamu, lakini bakteria wenyewe wamekwisha. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinataka yogati halisi iwe na bakteria wa mbegu wasiopungua milioni 10 kwa gramu mpaka siku ya mwisho wa matumizi, na hiyo iliyopashwa haihesabiwi humo.

La pili ndilo linalowachanganya wengi. Kinachogandisha yogati ni bakteria wawili: *Streptococcus thermophilus* na *Lactobacillus bulgaricus*. Hao wanazaliana kwenye maziwa kwa kasi. Probiotiki anayeongezwa, mara nyingi *Bifidobacterium* BB-12, ni mvivu kwenye maziwa na hapendi hewa. Piga hesabu: tuseme yogati ya dukani ina BB-12 milioni 10 kwa gramu. Ukiweka gramu 30 kwa lita, unaanza na kama 300,000 kwa gramu. Ukichukua mtindi huo ukaufanya mbegu tena, umeshuka mpaka 9,000. Mtindi unaganda vizuri, ladha ileile, ila yule uliyemlipia amebaki jina. Ukimtaka yeye, kula yogati yenyewe au nunua mbegu yake kila mara.

Kuna mbegu iliyotengenezwa kwa kuangalia mazingira yetu, inaitwa Yoba, inapatikana Uganda, Kenya na Tanzania. Ndani yake kuna *Lactobacillus rhamnosus* yoba 2012, ambaye ni sawa na *L. rhamnosus* GG, probiotiki aliyetafitiwa miaka mingi, pamoja na *S. thermophilus* C106. Rhamnosus peke yake hawezi kutumia sukari ya maziwa wala kuvunja protini yake kubwa, hivyo C106 anavivunja kwanza ili naye akue. Kifuko cha gramu 1 kinatosha hadi lita 100. Mwanza nako, mwaka 2004, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane kilianza kutengeneza yogati ya probiotiki mwingine, *L. rhamnosus* GR-1, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Western cha Kanada.

mama_sufuria
Naongezea la tatu, maana hapo ndipo maziwa ya watu yanapomwagwa.

Kufura peke yake hakutoshi kupata mtindi mzito. Shikilia nyuzi 85 kwa dakika 30, au 90 hadi 95 kwa dakika 5, huku unakoroga chini yasishike. Hapo protini za maji ya maziwa zinafunguka na kujishika kwenye protini inayoganda, na mtindi hautoi maji ovyo. Kisha weka sufuria kwenye beseni la maji baridi mpaka 43 au 44. Kama huna kipimajoto, osha mikono, dondoshea maziwa sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono: yawe ya moto ya kuvumilika, yasiunguze. Kipimajoto cha jikoni ni bora zaidi, kwa sababu ukimwaga mbegu kwenye nyuzi 55 unaidhoofisha, na kwenye 30 italala.

Vijiko vinne ni kama gramu 60. Kwa lita 5 ni kidogo, weka gramu 100 hadi 150. Ikoroge kwanza kwenye kikombe cha maziwa hayohayo ili isibaki na mabonge, ndipo umimine. Blanketi linachelewesha joto kupotea ila sufuria pana inapoa haraka. Hotipoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto inashika joto vizuri zaidi. Usiiguse wala kuiinamisha. Saa 4 hadi 6 inatosha. Ikiganda, ipeleke friji mara moja. Ukiacha usiku kucha inazidi uchachu, maji yanajitenga juu, na uchachu huohuo unapunguza probiotiki kama wamo.

Sukari ikizidi sana mwanzoni inawachelewesha bakteria. Tia kidogo, au ongeza baada ya kuganda.

fundi_kiwanda
Hapo umenena. Na kwa lita_tano, kuganda leo na kugoma kesho kwa mbegu ileile kunanuka antibiotiki. Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele, dawa inaingia kwenye maziwa kwa siku kadhaa, mara nyingi husemwa saa 72 ila fuata kibandiko cha dawa. *S. thermophilus* anaogopa penisilini hata ikiwa chembe, na kuchemsha hakuiondoi vya kutosha.

Jaribu hivi. Chukua vikombe viwili, kimoja maziwa ya mchuuzi yaliyochemshwa, kingine maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa kipimo cha kopo. Joto moja, mbegu moja, kijiko kimoja kimoja, pamoja ndani ya hotipoti. Cha unga kikiganda na cha mchuuzi kikabaki maji, tatizo ni maziwa: dawa, au sabuni iliyobaki kwenye dumu. Vyote vikigoma, mbegu imechoka. Mbegu ya nyumbani ibadilishe baada ya mizunguko mitatu hadi mitano, kwa sababu uwiano wa wale wawili unahama na virusi vinavyoshambulia bakteria vinaingia. Vyote vikiganda ila cha mchuuzi kikawa chepesi, huenda ameongeza maji. Kwenye laktomita (kipimo cha uzito wa maziwa), maziwa mazima husoma 1.028 hadi 1.032.

Mtindi wenye mapovu, harufu ya hamira au utelezi usiokuwa wa kawaida yake, mwaga. Usijaribu kuuokoa kwa kuuchemsha.

mfamasia_utumbo
Wengi wanategemea bakteria wa yogati waweke makazi tumboni. Hawaweki. Tindikali ya tumbo na nyongo vinawapunguza sana bulgaricus na thermophilus. Wale probiotiki wanaofika utumbo mpana wanapita, na ukiacha kula wanatoweka baada ya siku au wiki chache. Kwa hiyo ni suala la kula kila siku.

Ila hata wanaokufa njiani wana kazi. Mtu anayejaa gesi au kuharisha akinywa maziwa yasiyochachushwa, ya moto au ya baridi, mara nyingi ni laktosi, yaani sukari ya maziwa, inamshinda. Bakteria wa yogati wanabeba kimeng'enya cha kuivunja. Nyongo inapowapasua kwenye utumbo mwembamba, kimeng'enya kinatoka na kufanya kazi hapo hapo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2010, ilikubali faida hii kwa yogati yenye angalau milioni 100 hai kwa gramu. Kikombe cha gramu 200 ni bilioni 20. Yogati ya rafuni haina msaada huo.

Tena, usipike mtindi kwenye mchuzi ukitarajia bakteria. Uongeze sahani ikishapoa kidogo. Na bakteria wako mwenyewe wanahitaji nyuzinyuzi, ambazo mtindi hauna: maharage, mtama, ndizi mbichi za kupika.

lita_tano
Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: mtu akiwa kwenye dozi ya antibiotiki, ale au asubiri?

mfamasia_utumbo
Ale, ila atenganishe na dawa kwa angalau saa 2, ili dawa isiwaue wote. Kwa siprofloksasini hiyo haitoshi: kalsiamu ya maziwa inaishika dawa isiingie mwilini, hivyo imezwe saa 2 kabla ya mtindi au saa 6 baada. Doksisaiklini na tetrasaiklini zina tabia hiyohiyo, muulize aliyekuandikia akupangie saa. Amoksilini haina shida hiyo na maziwa.

Mwenye kinga iliyoshuka sana, aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, au mtoto njiti, asipewe probiotiki bila daktari wake kusema. Na maziwa ya mchuuzi, kwa mtu yeyote, lazima yachemshwe kabla ya mbegu. Uchachu peke yake hauui brusela (bakteria wa ugonjwa unaotoka kwa mifugo) wala kifua kikuu cha ng'ombe kwa uhakika.