Nyumba ya kukodi karibu na Sossusvlei, Namibia: tukae upande gani?

Mzururaji
Wakuu habari za majukumu. Mimi na wife pamoja na dada yake na mumewe tunataka kwenda Namibia mwezi wa saba, Windhoek tunapita tu, shida yetu hasa ni yale matuta ya mchanga mwekundu ya Sossusvlei. Loji hatutaki, mambo ya kula kwa ratiba hapana, tunataka nyumba yenye jiko tujipikie na tukae kwa nafasi. Nimeiona moja kwenye app aisee picha zake ni balaa, baraza limetazama tambarare lote, kuna na kabwawa ka kuogelea, halafu bei tukigawana inalipa. Imeandikwa iko "karibu na Sossusvlei" ila nikifungua ramani naiona upande wa Solitaire, kale kakituo kadogo ka njiani, na mwenye nyumba nikimuuliza anasema tu barabara haina shida. Sasa hapo ni karibu kweli? Gari ndogo inafika au mpaka fowili? Na maji, umeme, mtandao vikoje maana shemeji yangu anafanyia kazi kwenye laptop, mtandao usiposhika tutasikia maneno safari nzima.

Kobe Mwendapole
Mkuu kwanza hilo bwawa lisahau, Julai kule ni baridi hamtalitumia. Kitu cha kuangalia ni geti. Hifadhi ni Namib-Naukluft na mlango wa kwenda kwenye matuta ni Sesriem, kutoka Solitaire mpaka Sesriem ni kama kilomita 80 za vumbi, ukishaingia getini kuna lami ya kilomita 60 hivi, halafu mwishoni kuna kipande cha kama kilomita 5 cha mchanga mzito ndo unafika Sossusvlei na Deadvlei, lile bonde jeupe lenye miti iliyokauka. Sasa jumlisha kwenda na kurudi uone kama hiyo ni "karibu".

Na geti lina masaa yake. La nje linafunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama. Waliolala ndani ya hifadhi wana geti lao la pili, hilo linafunguliwa kama saa moja kabla. Julai jua la kule linachomoza kwenye saa moja na nusu, so nyie wa Solitaire ili muwe getini muda huo inabidi mtoke giza totoro, na mikataba mingi ya magari ya kukodi inakataza kuendesha usiku nje ya mji kwa sababu ya wanyama, tandala akikurukia mbele ya gari hapo bima wanakuangalia tu. Mkisubiri kupambazuke mnafika kwenye matuta jua liko juu, na raha ya pale ni asubuhi, upande mmoja wa tuta unawaka rangi ya chungwa na upande wa pili mweusi tii, kamstari kamoja tu kamepita katikati juu kabisa. Jua likipanda yote yanakuwa rangi moja.

Mi ningetafuta nyumba ndani ya kilomita 20 au 30 kutoka Sesriem hata kama picha zake ni za kawaida. Humo ndani ya geti nyumba za kujipikia usitegemee, ni kambi ya mahema na loji, na hiyo kambi inawahi kujaa.

Bob wa Mbagala
Mchanga tu jamani mpaka Namibia 😂 si kuna ule unaotembea pale Olduvai, mnaenda na kurudi mnalala kwenu

Mama Spana
Bob acha utani, ule wa Olduvai ni majivu ya volkano na ni katuta kamoja, haya mengine yako mpaka ya mita mia tatu na kitu.

@Mzururaji kuhusu gari. Gari ndogo inafika mpaka mwisho wa lami, pale kuna paking na kuna magari ya hifadhi ya kulipia yanayowapeleka watu mpaka ndani kwenye mchanga, so fowili sio lazima kwa ajili ya matuta. Ila kwa ajili ya barabara ya kufika huko ningechukua gari ya juu kidogo, maana ukiacha lami unakutana na changarawe yenye mawimbi kama bati na mawe makali pembeni, watu wengi wanapinduka wenyewe bila kugongwa na mtu. Usizidi 80, na baadhi ya kampuni zinafunga kifaa ndani ya gari kinachowaambia ulikuwa unakimbiaje. Kuendesha ni kushoto kama kwetu hapo hamtapata tabu.

Bima soma maandishi madogo. Mara nyingi ile ya kawaida haihusu matairi, vioo na uvungu, na ndo vitu vinavyoharibika kule. Lipia ya matairi na kioo. Na siku ya kuchukua gari usisaini haraka, shuka, toa spea chini (omba mbili), angalia saizi ni ile ile ya matairi yaliyofungwa, jaribu spana kwenye nati moja moja inalegea au haishiki, na ulizia kibao cha kuweka chini ya jeki maana kwenye mchanga jeki inazama yenyewe gari haliinuki. Wahusika watanuna kidogo, waache wanune. Mafuta yapo Solitaire na yapo Sesriem, kila ukipita sheli jaza hata kama geji iko nusu.

Mzururaji
Asanteni sana, hili la geti kwenye tangazo halipo kabisa. Nimepata nyingine kama km 25 kutoka Sesriem, haina bwawa, ina vyumba viwili na jiko la gesi, umeme wa sola. Nimuulize nini mwenye nyumba kabla sijalipa?

Bi Taratibu
Mwanangu muulize mablanketi mangapi kila kitanda, usiku wa Julai kule unakaribia sifuri na nyumba zao nyingi zimejengwa kwa ajili ya joto, ukuta unapitisha upepo. Maji ya moto yanatoka wapi, kama ni lile pipa la kuchemshia kwa kuni basi kuni zipo kwenye bei au mnanunua, na nani anawasha. Sola inabeba nini, sehemu nyingi birika la umeme, pasi na drayaa ya nywele haviruhusiwi, waambie kina mama mapema wasianze ugomvi huko. Maji ni ya kisima, mengine yana chumvi, nendeni na ya kunywa. Chakula nunueni chote Windhoek. Randi ya Afrika Kusini inapokelewa huko sawasawa na dola yao, moja kwa moja.

Kobe Mwendapole
Na ya mtandao usimuulize kama upo, atasema upo. Mwambie apime spidi saa mbili usiku, saa ambayo betri za sola ndo zimeanza kazi, akutumie skrinshoti. Akizunguka zunguka basi huyo shemeji afanye kazi zake kabla ya safari.

Mzururaji
Nimemtumia yote. Amejibu mablanketi manne kila kitanda, kuni bure, mtandao anapima leo usiku.

Mama Spana
Muulize na ukighairi anarudisha kiasi gani, halafu ndo ulipe.