Mrejesho: ukuta unaotoa chumvi, Lamu

Asalaam aleikum jamani. Kabla ya masika niliuliza kuhusu nyumba ya marehemu nyanya huku Mkomani: ukuta wa chini unatoa unga mweupe, rangi inabambuka, je, nipige plasta mpya ya saruji? Wengi mlisema saruji itoke yote. Mlikuwa sahihi.

Fundi alipoigonga ilianguka vipande vikubwa kama sahani, na nyuma yake mawe ya matumbawe yamelowa chepechepe. Ukiyagusa mkono unarudi na mchanga. Akanieleza kuwa jiwe hili hunyonya maji ya ardhini. Chokaa huyaachia yakauke, saruji huyafungia ndani. Tuliuacha ukuta wazi wiki sita, kisha chokaa na mchanga mara tatu, nyembamba nyembamba. Chumvi imepungua sana, isipokuwa kona ya choo (hapo nashuku bomba, si chokaa).

Kupanua sebule nimeacha. Wembamba wa chumba unatokana na urefu wa boriti za mikoko, na nikibomoa ukuta, zidaka za nyanya (vishubaka vya ukutani) zinakwenda nao. Tena Mji Mkongwe wa Lamu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, huvunji ukuta kiholela.

Badala yake nimeng'oa mabati yaliyofunika kiwanda, ule ua wa ndani. Upepo wa kusi unaingia mpaka vyumba vya nyuma, feni sasa ni pambo. Shangazi analalamikia kunguru tu.